MALIPO MABAYA: HAKI YA MBWA WA MAWINDO BAADA YA KAZI KWISHA

Bismillahi Rahmani Rahim

Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, anayewajua wanaosema na wasioweza kusema. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu wote, pamoja na jamaa zake, masahaba wake na wote waliowafuata kwa wema mpaka siku ya mwisho.



Mada ya Ijumaa hii itawashangaza baadhi yenu. Tutazungumza juu ya mbwa. Najua yuko atakayeikunja karatasi hii na kuitia mfukoni akisema, Imamu leo amekosa la kusema, mji una shida zote hizi naye anatuletea habari za mbwa. Namwomba ndugu huyo aisome mpaka chini, kisha ahukumu.

Swali lililoletwa msikitini ni hili. Mtu mmoja, mwindaji wa upande wa Shabunda, anasema: Nimewinda na mbwa wangu miaka saba. Amenilishia watoto. Sasa jicho moja limekufa, na mguu umeharibiwa na mtego wa waya, hakimbii tena. Wenzangu wananiambia nimwache ndani ya pori nirudi peke yangu, au nimfunge jiwe nimtupe mtoni, maana kumlisha mbwa asiyewinda ni hasara. Je, nikifanya hivyo nina dhambi? Si ni mbwa tu?

Angalieni vizuri, ndugu zangu. Swali hili linaonekana dogo, lakini ndani yake limo swali kubwa: kazi inapokwisha, je, na deni linakwisha? Yule asiyeweza kudai mshahara, mshahara wake unafutika?

KWANZA: TUMJUE TUNAYEMZUNGUMZIA

Hatuzungumzi juu ya mbwa anayefugwa kwa fahari na kulazwa kitandani. Tunazungumza juu ya mfanyakazi. Wengi kati yetu hapa Bukavu wazazi wetu walitoka Kasongo, Kibombo na Kabambare, na wengine wanatoka Shabunda, Mwenga na Bunyakiri. Kule msituni mnawajua hawa mbwa wadogo wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja. Hawabweki kama mbwa wengine, ndiyo maana wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni, ili watu walioshika nyavu wajue mnyama anatokea upande gani. Wazungu waliwachukua mbwa hawa kutoka Kongo katika miaka ya 1930, wakawapeleka Uingereza, na leo wanajulikana duniani kwa jina la basenji. Huko wanauzwa kwa bei kubwa. Huku kwetu, anapozeeka, malipo yake ni jiwe.

Wala tusidhani kwamba mambo ya mbwa wa mawindo si ya Waislamu. Kule Unguja na Pemba, visiwa ambavyo karibu watu wake wote ni Waislamu, kuna wawindaji wanaoitwa wasasi. Tangu zamani wametoka kwa makundi pamoja na mbwa wao kuwinda nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo na mazao ya wakulima. Hawamli nguruwe, wanalinda shamba. Na kazi hiyo haifanyiki bila mbwa.

Ni kweli, sheria ya nchi yetu imeweka mipaka. Ipo sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982, na ipo sheria ya kulinda mazingira ya tarehe 11 Februari 2014. Ndani ya parke ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, kuwinda kumekatazwa. Mwislamu anatakiwa aheshimu mpaka huo, na haya tunayoyaandika si ruhusa ya kuingia parke. Lakini hata yule aliyeacha kuwinda kwa sababu ya sheria, au kwa sababu wanyama wamekwisha, swali lake ni lile lile: mbwa aliyebaki nyumbani afanywe nini?

PILI: NYAMA ILIYO HALALI KWA AMANA YA MBWA

Katika Suratul Maida, aya ya 4, Mwenyezi Mungu anatuhalalishia kile wanachotukamatia wanyama wa mawindo tuliowafundisha, na anataja kwamba tunawafundisha katika yale aliyotufundisha Yeye. Wanachuoni wamesimama hapa wakastaajabu. Mbwa asiyefundishwa, alichokamata akakiua si halali. Mbwa aliyefundishwa, alichokamata ni halali, ikiwa mwenyewe alitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kumtuma. Mbwa ni yule yule, meno ni yale yale. Kilichoongezeka ni elimu. Ikiwa elimu inampandisha daraja hata mbwa, binadamu asiyetaka kujifunza ajiangalie.

Lakini kuna jambo jingine, nalo ndilo ninalotaka mlishike leo. Sahaba Adiyy bin Hatim (r.a.) alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kuwinda kwa mbwa. Hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim. Mtume alimjibu kwamba mbwa aliyefundishwa akikamata na asile, basi na aile nyama hiyo. Lakini mbwa akila, asiile, kwa kuwa inahofiwa amejikamatia yeye mwenyewe.

Fikirini maana yake. Mbwa amekimbia tangu alfajiri. Tumbo lake ni tupu. Ameingia miibani, amemkamata paa, damu iko mdomoni mwake, na hakuna mtu anayemwona, maana mwenyewe yuko nyuma, anahema. Hapo angeweza kula. Hakuna askari, hakuna shahidi. Anamshikilia mnyama na anakungojea wewe. Ile nyama inaingia ndani ya sufuria yako kuwa halali kwa sababu mbwa alitunza amana akiwa na njaa na akiwa peke yake.

Ni wangapi kati yetu tungeachwa peke yetu na mali ya mtu mwingine, tuna njaa, hakuna anayetuona, na tusiiguse? Sasa huyo aliyekutunzia amana miaka saba, wewe unataka kumlipa kwa khiyana siku moja.

Wahenga walisema, shukrani ya punda ni mateke. Walimlaumu punda. Katika habari hii anayepiga mateke ni binadamu.

TATU: NGAMIA ALIYEOKOA ROHO YA MTU

Imam Muslim amepokea kwa Imran bin Husayn (r.a.) kisa cha mwanamke wa Kiansari aliyetekwa na maadui. Pamoja naye alikuwa ametekwa ngamia jike wa Mtume (s.a.w.), jina lake Adhbaa. Usiku mmoja yule mama akajifungua kamba, akaenda walipolala ngamia ili achukue mmoja akimbie. Kila ngamia aliyemkaribia alinguruma, naye akamwacha kwa hofu ya watu kuamka. Alipofika kwa Adhbaa, Adhbaa akanyamaza kimya. Akampanda, akamkimbiza. Maadui wakamfuata wasimpate. Naye njiani akaweka nadhiri: Mwenyezi Mungu akimwokoa juu ya ngamia huyu, atamchinja.

Aliiweka nadhiri hiyo kwa nia ya ibada. Alitaka kumshukuru Mola wake. Walipofika Madina, watu wakampelekea Mtume habari. Neno la kwanza la Mtume lilikuwa la mshangao, akamtakasa Mwenyezi Mungu, kisha akasema kwamba ni malipo mabaya yaliyoje aliyomlipa mnyama huyo! Baada ya hapo ndipo akaeleza hukumu: hakuna kutimiza nadhiri katika maasi, wala katika kitu ambacho mtu hakimiliki.

Angalieni mpangilio wake. Hukumu ya sheria inasimama juu ya umiliki na maasi, na wanachuoni wa fiqhi wameichukua hivyo. Lakini kabla ya sheria, Mtume alionyesha ubaya ambao hata mtu asiyesoma anaweza kuuona: huyu amekubeba mgongoni, amenyamaza ulipotaka kimya, amekimbia ulipotaka mbio, nawe unamlipa kisu. Na ngamia ni mnyama wa halali, kumchinja si dhambi kwa asili yake. Ikiwa kumchinja ngamia aliyekuokoa kumeitwa malipo mabaya, tuseme nini juu ya kumtupa mtoni mbwa aliyekulisha, ambaye hata nyama yake hailiwi?

NNE: WANACHUONI WAMESEMA NINI

Mtu asidhani kwamba haya ni maneno ya huruma ya Imamu mmoja wa Bukavu. Sheikh Izzuddin bin Abdussalaam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, aliyefariki mwaka 660 wa Hijria, sawa na 1262, katika kitabu chake cha kanuni za hukumu aliorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu. Katika haki hizo alitaja kwamba mwenye mnyama ampe matumizi yanayomstahili, hata kama mnyama amezeeka au amekuwa mgonjwa kiasi kwamba hakuna tena faida inayopatikana kwake. Miaka zaidi ya mia saba na sitini imepita. Swali la mwindaji wetu lilikwisha jibiwa kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

Na tuingie katika mlango wa tayammum, ambao kila mtoto wa chuo anausoma. Una maji kidogo, wakati wa swala umefika, na pembeni yako yuko mnyama mwenye kiu. Vitabu vya Shafi vinasema, akiwa ni mnyama mwenye heshima katika sheria, maji anapewa mnyama nawe unatayamamu kwa udongo. Katika wasioheshimiwa kwa namna hii wametajwa nguruwe na mbwa mkali anayeuma watu. Mbwa wa mawindo na wa ulinzi hakutolewa, anabaki katika wenye heshima. Yaani udhu wako unaahirishwa kwa ajili ya kiu ya mbwa. Hiyo ndiyo fiqhi tuliyoisoma kwa miaka tukidhani ni mlango wa mchanga tu.

Imam Nawawi naye, katika maelezo yake ya Sahihi Muslim, ameeleza kwamba amri ya mwanzo ya kuua mbwa iliondolewa, na kilichobaki ni ruhusa ya kumwua mwenye madhara. Asiye na madhara amekatazwa kuuawa.

TANO: HOJA NNE ZINAZOLETWA

Hoja ya kwanza: mbwa ni najisi. Ndiyo, katika madhehebu yetu mate yake ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Imam Malik ana rai nyingine juu ya utohara wake. Lakini najisi ni hukumu ya chombo, nguo na mwili wakati wa swala. Si ruhusa ya kudhulumu. Damu yako wewe mwenyewe ikitoka ni najisi. Je, ni halali mtu akupige mawe? Osha sufuria mara saba, na mbwa mpe chakula chake mbali na vyombo vyako. Yule mtu wa zamani aliyeteremka kisimani akajaza maji ndani ya kiatu chake, akakishika kwa meno akapanda nacho mpaka juu ili mbwa mwenye kiu anywe, Mwenyezi Mungu alimshukuru akamsamehe. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Masahaba walipouliza kama kuna thawabu kwa sababu ya wanyama, Mtume alijibu kwamba katika kila chenye ini bichi, yaani kila chenye uhai, kuna thawabu.

Hoja ya pili: nitamwachia tu msituni, sikumwua. Wengine wanaleta hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, wakisema kosa lake lilikuwa kumfunga, basi mimi nafungua. Soma hadithi vizuri. Alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajilie vijidudu vya ardhini. Paka aliyeachiwa anajua kujitafutia. Mbwa uliyemlea ndani ya boma, mwenye jicho moja na miguu mitatu, ukimwacha msituni umemfungia katika gereza lisilo na ukuta. Atakaa pale pale ulipomwachia, akisikiliza kama unarudi. Njaa ni ile ile, na aliyeileta ni wewe.

Hoja ya tatu: Mtume ametuambia kwamba anayefuga mbwa asiye wa mawindo, wala wa mifugo, wala wa shamba, hupunguziwa malipo yake kila siku. Mbwa wangu hawindi tena, basi nikiendelea kuwa naye si napata hasara ya akhera? Hii ni hoja ya mtu anayemwogopa Mwenyezi Mungu, na inastahili jibu la heshima. Ninavyoelewa, na Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi, hadithi inamkataza mtu kuchukua mbwa bila haja. Wewe ulimchukua kwa haja iliyoruhusiwa. Kumlisha sasa ni kulipa deni la kazi iliyokwisha fanyika, na deni haligeuki kuwa dhambi kwa sababu mdai amezeeka. Tena mbwa asiyeweza kumkimbiza paa bado anaweza kulala karibu na zizi la mbuzi au kwenye shamba la mihogo, na hizo ni kazi zilizotajwa katika hadithi yenyewe. Alale nje, asiingie mahali pa swala, nawe utakuwa ndani ya mpaka.

Hoja ya nne ndiyo nzito: watu wenyewe wanateseka, mbwa ni nani? Sitaikwepa. Tunaishi katika mkoa uliozika watu wengi sana tangu mwaka 1996. Mwezi wa Februari 2025 vita iliingia mpaka ndani ya Bukavu, watu wakakimbia na vifurushi kichwani. Mwenye njaa aanze na watoto wake, hakuna anayebishana. Anayekimbia risasi ana udhuru wake. Lakini yule aliyepata muda wa kutafuta kufuli na kufunga mlango, alikuwa na muda wa kufungua kamba ya mnyama.

Waandishi wa sira wanasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipokuwa safarini kwenda kuifungua Makka, mwaka wa 8 wa Hijria, na nyuma yake jeshi la watu elfu kumi, alimwona mbwa jike njiani, mahali panapoitwa Arj, akiwanyonyesha watoto wake. Akamweka sahaba mmoja asimame hapo, ili mtu yeyote katika jeshi asimsumbue mama yule na watoto wake. Jeshi zima, safari kubwa, na bado nafasi ilipatikana. Sisi ambao tumeyaona majeshi yakipita, na tunajua jeshi linapopita hufanya nini kwa mbuzi, kuku na mabinti za watu, tunafahamu uzito wa kisa hiki kuliko wanaosoma wakiwa katika miji ya amani.

Na kuna jambo la kuogopwa zaidi. Anayesema juu ya mbwa, hana kazi tena, mtupe, hilo neno halibaki kwa mbwa. Ulimi ukilizoea unalipeleka mbele. Tazameni mama anayebeba mizigo sokoni Kadutu: siku mgongo unapomwuma, nani anamwuliza amekula nini? Tazameni mzee aliyefanya kazi miaka thelathini na sasa pensheni yake haimalizi hata wiki. Tazameni watoto tuliowaita kadogo, waliopewa bunduki katika vita ya 1996 na 1997: walipotumika walisifiwa, vita ilipokwisha wengi waliachwa njiani bila shule wala familia. Hata Watwa wa msitu wa Kahuzi-Biega, wawindaji wenyewe wa zamani, walitolewa ndani ya msitu wa babu zao katika miaka ya 1970 kana kwamba hawakuwa watu wa mahali pale; mpaka Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilipotangaza mwaka 2024 kwamba walidhulumiwa. Sisemi mtu na mbwa ni sawa. Mwanadamu amekirimiwa na Mola wake. Ninasema mkono unaotupa ni mmoja, na moyo unaouongoza ni mmoja.

SITA: SI KWETU PEKE YETU

Tusijidharau tukidhani ukatili huu ni wa watu maskini. Katika Hispania, nchi tajiri ya Ulaya, wako wawindaji wanaowakimbiza sungura kwa mbwa warefu wembamba wanaoitwa galgo. Msimu unapokwisha, mwanzoni mwa kila mwaka, mashirika ya kutetea wanyama hukusanya barabarani mbwa wengi waliotupwa, wengine wamevunjika miguu. Imeandikwa pia habari za wengine waliotundikwa mtini kwa kamba, eti kwa sababu hawakukimbia vizuri. Mwaka 2023 bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria mpya ya kulinda wanyama, lakini mbwa wa mawindo wakaachwa nje ya sheria hiyo. Yaani mbwa anayekaa bure nyumbani analindwa, na mbwa aliyefanya kazi halindwi. Utajiri hauleti rehema. Wala umaskini hauizuii, maana yule mtu wa kisimani alikuwa na kiatu tu.

SABA: HATARI YA KICHAA CHA MBWA

Mzazi atauliza: je, mtoto wangu akiumwa? Anayo haki. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kweli na ukishaanza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unaua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila watu kumi wanaoumwa, kama wanne ni watoto chini ya miaka 15. Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kwa chanjo. Asingoje, asipeleke mtoto kwa dawa za majani.

Lakini jiulizeni, mbwa wa hatari anatoka wapi? Mbwa aliyelishwa na kuchanjwa amekaa nyumbani. Mbwa uliyemfukuza kwa mawe ndiye anayeshuka kwenye takataka za pembeni ya mto Kawa, anapigana na wenzake, anaumwa, kisha anamwuma mtoto wa jirani. Dhuluma uliyomfanyia mnyama inarudi mtaani ikiwa na meno.

Wenzetu wa Pemba wametuonyesha njia. Tangu mwaka 2010 walifanya kampeni za kuwachanja mbwa, na ugonjwa ukatoweka kisiwani. Mwaka 2016 ulirudi, wakachanja tena, ukazimwa tena. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia. Kisiwa cha Waislamu, watu wakiwaleta mbwa kwa kamba kwenye chanjo, na hakuna aliyepungukiwa na dini yake.

TUFANYE NINI?

1. Mwenye mbwa wa kazi na amlishe mpaka mwisho wake. Si nyama ya sikukuu. Ukoko wa ugali, mifupa, vichwa vya ndagala na maji safi vinatosha.

2. Asiyeweza kabisa, ampe mtu mwenye mifugo au shamba, na amwambie ukweli juu ya umri na ugonjwa wake. Kuficha ni ghushi hata katika kutoa bure.

3. Asimtie mbwa kazini akiwa na jeraha. Mtego wa waya ukimshika, afunguliwe na aoshwe siku ile ile. Imam Abu Daud amepokea kisa cha ngamia aliyelia mbele ya Mtume kwa sababu mwenyewe alimtia njaa na kumchosha, na Mtume akamwuliza mwenyewe kama hamwogopi Mwenyezi Mungu kwa ajili ya mnyama huyo.

4. Chanjo ikifika mtaani, au ikipatikana kwa mganga wa mifugo, mbwa apelekwe. Wasio na mbwa wasaidie kubeba gharama, maana faida ni ya watoto wote.

5. Mbwa mkali au mwenye kichaa, sheria imeruhusu auawe. Hata hapo, Mtume ametuamuru wema katika kila kitu, mpaka katika namna ya kuua. Kwa hiyo si kwa kuzamisha, si kwa moto, si kwa sumu inayomsokota usiku mzima, wala kwa mawe ya watoto. Aitwe mwenye ujuzi, amalize haraka. Ama mbwa mgonjwa asiye na tumaini la kupona, wanachuoni wametofautiana, basi ulizeni wenye elimu kabla ya kufanya. Lakini hawakutofautiana kwamba kumtesa ni haramu.

6. Wazazi, wafundisheni watoto kutompiga mawe mbwa anayepita. Mtoto anayefundishwa kucheka kilio cha mnyama, kesho atacheka kilio chako ukizeeka.

Sasa ndugu yetu wa Shabunda, jibu lako ni hili. Ndiyo, una dhambi ukimwacha afe kwa njaa au ukimtupa mtoni. Si kwa sababu yeye ni mkubwa, ila kwa sababu ulikuwa na deni. Katika Suratul An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu ametuambia kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wetu, kisha kwa Mola wao watakusanywa. Siku hiyo yule asiyebweka duniani hatahitaji kengele ya mti ili asikike. Mlishe, mpe kivuli, mwache amalize siku zake mlangoni kwako. Na kumbuka vijana wa pangoni katika Suratul Kahf: mbwa wao alinyoosha mikono yake kizingitini, hakuingia ndani, wala hakufukuzwa, na Mwenyezi Mungu alipowataja akamtaja na yeye.

Ewe Mwenyezi Mungu, tuhurumie kama ulivyotuamuru kuhurumia. Utujaalie tuwe watu wa kulipa wema kwa wema. Uwalinde wazee wetu, wajane wetu, mayatima wetu na wote waliochoka katika kazi za watu. Utulipie madeni tunayoyajua na tusiyoyajua. Uujaalie mji wetu wa Bukavu na mkoa wetu wote amani na usalama. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.

Ndugu msomaji, karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala usifungie karanga. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.